Huku Ndio kwa Debra?

Dagoretti Corner,
Nairobi.
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu mpendwa Awuor,

Pokea salamu zangu, na natumaini barua hii imekukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha kamba, mguu umenyooshwa, kuku wakikuzunguka kama watu waliokuja kuomba kazi. Habari za goti? Mwanao Jackton aliniambia kwamba siku hizi unaenda kanisani bila fimbo. Halafu akaongeza kwamba fimbo unayo, ila ukikaribia watu unaitupa kwenye ua wa lantana na kuiokota wakati wa kurudi. Mimi nimeamua kuamini ile sehemu ya kwanza. Huku hatujambo. Wifi yako Philister ni mzima na anaendelea na kazi yake ya ofisi pale Upper Hill. Carolyne wetu yuko chuoni Eldoret na hupiga simu kila anapohitaji kitu, kwa hivyo hupiga simu mara nyingi. Mimi nina afya, ukiondoa mgongo, ambao unanitangazia mvua kabla ya redio.

Utauliza kwa nini nimeandika barua na simu iko. Dada, simu yako ndiyo sababu. Wewe ukipigiwa unaweka sauti kubwa, unaiegemeza kwenye mtungi, unaendelea kuchambua mboga, na boma lote linasikiliza pamoja na mama muuza samaki anayepita. Mara ya mwisho nilikueleza habari za tumbo langu, na Jumapili iliyofuata nikaletewa dawa ya mizizi na mtu nisiyemjua, akanishika mkono akaniambia nisiogope. Mambo ya leo ni ya macho yako. Ukishayasoma, utaamua mwenyewe umwambie nani. Najua utamwambia mtu.

Jackton alinitumia picha ya kile chumba chetu cha barabarani pale Ugunja. Nimeona umekipaka rangi ya bluu, umeweka kufuli mpya, na umesimama mlangoni umekunja mikono kama meneja wa benki. Chini ya picha ameandika kwamba unauliza nitakuja lini kuanza kuuza viatu hapo, maana mimi mwenyewe ndiye niliyesema nafunga duka la Nairobi nirudi nyumbani. Ni kweli nilisema. Nilipoiona hiyo picha nikajua siwezi kuendelea kunyamaza. Basi nitakueleza kilichotokea, na mwisho utakuwa na jibu lako, kama nafunga duka au sifungi.

Ilianza na Mzee Ndungu, mwenye jengo. Unamkumbuka, ulikutana naye ulipokuja kutibiwa, mkabishana kuhusu jinsi ya kupika mboga za kienyeji. Siyo mtu mbaya. Jengo aliachiwa na babake, na analiangalia kama mtu anavyomwangalia ng'ombe wa urithi, akijiuliza kila siku kama bado kuna maziwa mahali. Alikuja dukani na fundi mwenye futi. Fundi akapima ukuta, akapima dirisha, akapima mpaka mahali nilipokuwa nimesimama, ikabidi nisogee ili nami nisihesabiwe. Ndungu akakubali chai yangu, akaketi kwenye benchi la wateja, akasema kwa upole kabisa kwamba orofa ya chini yote itakatwakatwa iwe vibanda. Mimi, kwa kuwa nimekaa sana, ningepewa kibanda cha nyuma, karibu na ngazi. Kama sitaki, niondoke mwezi ukiisha.

Inafaa ujue barabara yetu imegeuka namna gani. Palipokuwa na studio ya picha, pale ulipopigwa ile picha umevaa koti la mtu mwingine, sasa kuna vibanda vya vifuniko vya simu, kila kimoja upana wa kabati. Mtu akipiga chafya katika kimoja, anaombewa afya katika vitatu. Lile duka la vitambaa la mkabala limekatwa mpaka wenye vibanda wanaingia kazini kwa kupanga foleni, maana wa ndani hawezi kupita kama wa nje ameshaketi. Maduka yenye mlango wake na dirisha lake la vioo tulikuwa tumebaki mimi na Wahome, jirani yangu ambaye pia huuza viatu. Na wateja wenyewe walikuwa wamepungua. Wengi waliingia wakavaa kiatu, wakatembea nacho mpaka kwenye kioo na kurudi, wakakipiga picha, wakanishukuru sana, wakaenda zao. Nilikuwa nimekuwa kama jumba la makumbusho, ila makumbusho hutoza kiingilio.

Kwa hivyo Ndungu aliponiambia habari ya kibanda cha nyuma, nilisimama nikamwambia asisumbuke. Nikasema nina dada nyumbani, nina chumba barabarani, naondoka. Nikampa mkono. Na Ndungu, kama unavyomjua, ukishampa mkono ni kama umeweka sahihi mbele ya wakili. Alisikitika kidogo, akamaliza chai, akaenda kuwatangazia wapangaji wote kwamba Okinyi anatuacha. Jioni hiyo nikampigia Jackton, naye akakueleza, nawe ukanunua rangi. Philister nilimwambia tu kwamba Ndungu anataka kukata jengo na kwamba tutaona. Neno lile la "tutaona" nisamehewe, nilikuwa natafuta wakati mzuri.

Wiki hiyohiyo Wahome akaja dukani kwangu na simu, anacheka. Akaniuliza, "Okinyi, kumbe umeingia mtandaoni na hujatuambia?" Akanionyesha ukurasa wa mwanamke anayejiita Kwa Debra. Viatu vya kike, vya kiume, vya ofisini, vya harusi. Watu wamejaa chini ya kila picha wakiuliza saizi na kutuma mioyo. Nikamwambia simjui Debra wala sitaki kumjua. Wahome akaniambia niangalie vizuri.

Hapa lazima nikukumbushe mambo ya kazi yetu. Sisi watu wa viatu hatuweki jozi nzima dirishani. Tunaweka mguu mmoja, na wa pili unakaa stoo, ili mwizi akipita na kunyakua apate kitu ambacho hakitamsaidia. Barabara nzima huweka mguu wa kulia, ili huyo mwizi asije akaokota wa kulia huku na wa kushoto kule akajipatia viatu. Ni mimi peke yangu ninayeweka wa kushoto, kwa sababu kioo changu kiko upande wa kushoto wa benchi na ndio mguu ambao mteja huunyoosha kwanza. Wahome amenilalamikia miaka yote kwamba mimi ni mshirika wa wezi. Sasa tazama, picha za Debra zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, zilikuwa za mguu wa kushoto. Mguu mmoja mmoja, wa kushoto, umeegeshwa vizuri kama mgonjwa. Huyo mwanamke alikuwa anauza dirisha langu.

Dada, nilikasirika mpaka nikasahau mgongo. Na hapo ndipo nikaanza kuunganisha mambo. Kwa muda mrefu kulikuwa na wanawake wanaoingia dukani, wanaangalia huku na huku, halafu wanauliza, "Huku ndio kwa Debra?" Nami, kama mtu mkweli, nilikuwa nawajibu kwamba hapa hakuna Debra, hapa ni kwa Okinyi, tangu enzi zile barabara ina miti. Wanaomba radhi wanatoka. Lakini wakimkuta Munyiva, yule mama wa Machakos anayenisaidia kuuza, yeye huwaambia, "Debra ametoka kidogo, ingieni mketi." Nilidhani ni ucheshi wake tu. Sasa nikaona Debra ni nani.

Nilimwita Munyiva kando nikamuuliza kama ana biashara nyingine asiyonieleza. Alinitazama kama unavyotazama maziwa yaliyochacha. Akasema kwamba biashara yake ni kupanda na kushuka ngazi ya stoo ya mtu asiyejua hata saizi zake mwenyewe. Nikamweleza kwamba kuna mwanamke anauza viatu ambavyo hana, anapokea oda, halafu anatuma mtu wa pikipiki aje achukue kwangu, na huo ni ujanja. Munyiva akaniuliza, "Na wewe mzee, ukikosa saizi, unamwambia mteja ni ya stoo, unakimbia kwa Wahome kuchukua, unarudi ukihema kama umetoka juu. Hiyo tuiite nini?" Nikamwambia hiyo ni desturi ya barabara. Akasema, "Haya. Desturi imenunua simu."

Lakini nilikuwa nimeshaamua kumshika Debra kwa mikono yangu. Nikachukua laini yangu ya zamani, ile ambayo hata wewe huijui, nikajiandikisha kwa jina la Jeremy. Jeremy anakaa Loresho. Nilichagua Loresho kwa sababu nilitaka Debra aone mteja mwenye uwezo, aharakishe. Nikaagiza viatu vya kahawia vya kamba, saizi yangu, vile vilivyokuwa dirishani kwangu siku hiyo. Debra akajibu kwa adabu sana. Akamwita Jeremy "kaka". Akamuuliza kama mguu wake ni mpana, kwa sababu hicho kiatu hubana kidogo kwa mbele. Nikashtuka, maana ni kweli hubana, na nilidhani ni mimi tu ninayejua.

Nikamwachia Munyiva duka, nikashuka Waiyaki Way, nikatembea mpaka kwenye lango nililokuwa nimelitaja. Dada, Loresho ni kimya mpaka unasikia nyasi zikikatwa mtaa wa pili. Ua ni mrefu, mbwa wana nyumba kubwa kuliko ile tuliyozaliwa. Mlinzi wa hapo, mtu wa kwetu kwa lafudhi, alinitazama nikizungukazunguka, mwishowe akaniuliza namngoja nani. Nikasema nangoja viatu. Akaangalia miguu yangu, akaona nina viatu. Akarudi kwenye kibanda chake na kufunga mlango taratibu.

Mtu wa pikipiki akafika. Nikamtambua mara moja, anaitwa Fidel, huja dukani kwetu karibu kila siku na mimi nilidhani ana familia kubwa. Akavua kofia ngumu, akanitazama, akatazama namba kwenye simu, akanitazama tena. "Buda," akasema, "si hii viatu nimetoa kwako saa hii? Munyiva ndiye amenipatia." Nikasema ndiyo. "Sasa si ungevaa tu ukiwa huko kwa duka?" Mlinzi alikuwa ameshafungua mlango tena ili asikie vizuri. Nikamwambia Fidel aache maneno, anieleze tu Debra ni nani na anakaa wapi. Fidel akatikisa kichwa. Akasema, "Buda, mimi siuzi bosi wangu. Hata wewe nikikufanyia kazi sitakuuza." Nikaona ni mtu mwenye heshima zake, na nikakasirika zaidi.

Kisha akaniomba nishike boksi vizuri, karibu na kifua. Akasema madam anataka picha ya kila mteja akiwa na mzigo wake, ndio aamini umefika. Dada, sikupata nafasi ya kufikiria. Mtu akikuelekezea kamera, meno hutoka yenyewe. Nikatabasamu. Nyuma yangu mlinzi naye akatabasamu. Picha ikaenda.

Nilirudi nyumbani jioni nikiwa nimeficha boksi ndani ya mfuko wa maharagwe. Philister alikuwa ameshafika kutoka kazini, amepika samaki wa nazi kama alivyofundishwa na jirani wa Mombasa, na nyumba inanukia vizuri kuliko nilivyostahili. Akanipakulia. Akaketi mbele yangu. Akangoja nikamega ugali, nikachovya, nikaweka mdomoni. Ndipo akaniuliza kwa sauti ileile anayoniulizia kama nimelipia maji, "Baba Carol, viatu vimekutosha, ama Jeremy wa Loresho angependa tumbadilishie saizi?"

Sitakueleza samaki alikoelekea. Nilikohoa mpaka akaja kunipiga mgongoni, na kila pigo alikuwa anacheka, mwishowe akashindwa kunipiga akalaza kichwa mezani akalia kwa kicheko. Dada, wifi yako ndiye Debra. Yule mtu wa ofisi, aliyekuwa akiniambia kwamba hajui tofauti ya kiatu cha kamba na kisicho na kamba, ndiye aliyekuwa anauza dirisha langu, Munyiva akijua yote, kila saa ya chakula cha mchana. Jumamosi alipokuwa anakuja kunisaidia kupanga viatu, alikuwa anavipiga picha, nami nikidhani anamtumia Carolyne achague. Habari ya mguu wa kushoto hakuwahi kuifikiria. Ila aliniambia kuna mteja mmoja aliyewahi kumuuliza kwa huruma kama hilo ni duka la watu waliokatwa mguu.

Nikamuuliza kwa nini Debra. Akasema hakuna mwanamke atakayenunua kiatu cha kisigino kirefu kutoka kwa mtu anayeitwa Philister. Nikamuuliza kwa nini alinificha. Hapo akaacha kucheka. Akanikumbusha siku ile jumuiya ilipokuja kusali kwetu, mazungumzo yakafika kwenye biashara za simu, nami nikasimama nikatangaza kwamba sitauza kiatu kwa mguu nisiouona, na kwamba anayenunua kiatu kwa picha hana tofauti na anayeoa kwa picha. Watu walinipigia makofi. Yeye alikuwa amesimama na birika mkononi. Usiku huo ndio alikuwa amepanga kunieleza wazo lake. Akamimina chai, akanyamaza, akaanza peke yake. Akasema, "Ulikuwa umeapa mbele ya watu. Ningekufanya umeze maneno yako mbele ya nani?" Dada, miezi ile mibaya, nilipokuwa nikimshukuru Mungu kwamba angalau wale watu wa pikipiki wananunua, nilikuwa namshukuru Mungu kwa jambo ambalo lilikuwa limeketi nami mezani.

Kisha akaniambia kitu ambacho mimi, pamoja na kuishi barabarani miaka yote hii, sikukiona. Alisema kila anayemwandikia, kabla ya kuuliza bei, huuliza duka liko wapi. Watu wa Nairobi wametapeliwa mpaka wamekuwa wakali. Ukimwambia huna duka anakuaga. Ukimwambia duka liko barabara fulani, mlango wa kijani, dirisha la vioo, uliza yeyote, anatulia, anaagiza akiwa amelala kitandani, na hatakuja kuliona maisha yake yote. "Mlango anataka uwepo," Philister akasema, "kuupita si lazima." Na wale wachache wanaokuja, wanakuja na sababu. Bibi harusi, mwenye mguu mpana, mama aliyetumiwa saizi isiyo yake. Hao ndio nilikuwa nawafukuza kwa kuwaambia hapa hakuna Debra.

Nilikaa nikifikiria. Nilikuwa nimeamini barabara inakufa kwa sababu watu hawaingii. Kumbe mlango wangu ulikuwa unafanya kazi mchana na usiku, ila mimi nilikuwa nimeketi upande wa ndani, siuoni.

Ndipo akaniuliza Ndungu alisema nini hasa, maana alitaka kupanga. Ikabidi nimwambie. Nikamwambia nilishampa mkono, kwamba mwezi ukiisha tunatoka, kwamba narudi nyumbani, na kwamba wewe umeshapaka rangi. Kicheko chote kikaisha ndani ya nyumba. Akasema, "Baba Carol, Ndungu umempa mkono mzima, mimi hujanipa hata kidole?" Nikaosha vyombo.

Jumamosi tukaenda kwa Ndungu, nyumbani kwake upande wa Kikuyu, tumevaa kama watu wa posa. Mkewe, Mama Wanjugu, akatuwekea chai na viazi vitamu. Nikaeleza shida yangu, nikasema nimebadilisha nia. Ndungu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akasema Okinyi ni rafiki yake, lakini Okinyi alimpa mkono, naye amewaambia watu wote, na mtu wa umri wake hawezi kuonekana akitangaza leo na kutangua kesho kama bei ya nyanya. Philister akamweleza habari za Debra, akamwonyesha simu. Ndungu akavaa miwani, akaangalia miguu ya kushoto yote ile, akasema ni nzuri, lakini mkono ni mkono.

Ni Mama Wanjugu aliyekata hilo fundo, tena bila kuacha kumenya viazi. Alimuuliza mumewe, "Nani alikupa mkono kwamba anatoka?" Ndungu akasema ni Okinyi. "Si basi Okinyi atoke. Huyu mama atatoka aje na hata hajaingia?" Akaendelea kusema kwamba jengo lililokatwakatwa mpaka usoni linafanana na banda la kuku, na yeye mwenyewe hawezi kuingia mahali kama hapo hata akipewa kiatu bure. Aache uso wa jengo uwe duka lenye mlango na dirisha, ndipo watu wavutwe ndani wakute hivyo vibanda vyake huko nyuma. Ndungu akatazama dari. Halafu akanigeukia mimi, akanipa mkono wa kwaheri kwa taadhima yote, akanishukuru kwa kuwa mpangaji mzuri. Akamgeukia Philister akampa mkono wa karibu. Mimi nikiwa nimeketi hapohapo katikati yao.

Sasa dada, nimefika kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu. Sirudi Ugunja. Sisemi mwaka huu wala mwakani, nasema chumba usiniwekee. Najua umekipaka rangi kwa mikono yako, na goti hilo, na nilipoandika sentensi hii niliweka kalamu chini kwanza nikaenda kusimama dirishani. Lakini nakuambia ukweli kwa sababu wewe huniambia ukweli. Sikuwa narudi kwa mapenzi ya nyumbani. Nilikuwa narudi kwa sababu nimenuna, na mtu aliyenuna usimweke karibu na wateja, angewafukuza mpaka wa Ugunja. Yule Awiti wa saluni aliyekuwa anakitaka chumba mpe, ataifurahia hiyo bluu.

Na la pili, ambalo ndilo hasa sikutaka lisikike kwenye sauti kubwa. Mkataba wa duka umeandikwa kwa jina la Philister peke yake. Mwenye duka ni yeye. Mimi nimeajiriwa. Sikufichi neno hilo, soma tena: kaka yako ameajiriwa na mkewe. Alinifanyia mahojiano kwenye meza ya chakula, akaniuliza uzoefu wangu, nikamwambia, akasema atafikiria. Ameniweka kwa majaribio. Ofisini Upper Hill bado anaenda, kwa hivyo mchana ni mimi na Munyiva, ambaye amepandishwa cheo na sasa yuko juu yangu, na hachoki kulisema. Duka limekuwa theluthi ya lile ulilolijua, dirisha, benchi, kioo na stoo ndogo, lakini mlango ni uleule na unatazama barabara. Jina limeandikwa upya na fundi mzuri. Wanawake wakiingia wakiuliza kama hapa ndio kwa Debra, nasimama nawajibu, "Ndiye mimi, mnataka saizi gani?" Wanacheka, wanaketi. Anayecheka akiwa ameketi mara nyingi hununua.

Utaniuliza kama sioni haya. Niliona, siku mbili hivi. Kisha nikagundua kwamba nalala. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifumba macho naona barabara ile ikipungua, mlango mmoja mmoja, na kuhesabu waliobaki. Sasa nafumba macho nalala, kwa sababu hayo ya barabara ni mambo ya bosi. Na Wahome, aliyenicheka zaidi ya wote, juzi alikuja kumuuliza Munyiva kwa sauti ya chini kama Debra huchukua viatu vya maduka mengine pia. Munyiva akamwambia aandike maombi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, Jackton na watoto, mama muuza samaki ambaye najua ataipata habari hii kabla ya wino kukauka, na mchungaji, umwambie sijasahau ahadi yangu ya viti vya kanisa. Philister anakusalimu kwa heshima na anasema yeye ataizungumza nawe hiyo habari ya chumba, mwanamke kwa mwanamke, na kwamba safari hii uizime ile sauti kubwa ya simu. Usinikasirikie, nyamera, dada yangu. Ukikasirika, kasirika kidogo, kisha uandike.

Krismasi natamani sana kuja niketi nawe siku kadhaa. Nimepeleka ombi la likizo. Bosi amesema Desemba ni msimu wa viatu, na mfanyakazi wa majaribio hana likizo, ila ataangalia mwenendo wangu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Dalmas Okinyi,
Muuzaji (wa majaribio),
Kwa Debra